Protini G: anza na moyo, jedwali litafuata

Wadogo zangu mnaoanza fiziolojia hapa Dodoma, mtapewa jedwali la protini G, zile zinazopokea ujumbe kwenye kipokezi na kuupitisha ndani ya seli: Gs inapandisha cAMP (mjumbe wa ndani ya seli), Gi inaishusha, Gq inaachia kalsiamu. Mtalikariri usiku mmoja, asubuhi kwenye testi limeyeyuka. Mimi lilinipa sapu, mtihani wa marudio. Wenzangu wako likizo, mie niko na upepo wa Septemba na vumbi lake.

Safari ya pili nilishika njia moja tu, ya moyo. Neva ya vagasi inamwaga asetilikolini, kemikali ya kupeleka ujumbe. Asetilikolini inanasa kwenye kipokezi cha M2, katika utando wa seli za nodi ya SA, kule mapigo yanakoanzia. Kipokezi hicho si tundu, hakipitishi kitu. Kinajigeuza umbo tu, na kwa ndani protini G, yenye vipande vitatu (alfa, beta na gama), inaachia GDP (molekuli inayoiweka imezimika) na kushika GTP (inayoiwasha). Hapo inagawanyika: alfa kivyake, beta na gama zimeng'ang'aniana.

Wengi tunakwama hapa. Tunadhani kazi yote ni ya alfa, na beta-gama ni mzigo. Msione haya, hata watafiti walibishana vikali kuanzia 1987, ilipoandikwa kwamba beta-gama ndiyo inayofungua chaneli (tundu la kupitishia) ya potasiamu moyoni. Beta-gama ikashinda. Inaigusa chaneli yenyewe, bila kumtuma mtu. Potasiamu inatoka, ndani ya seli panazidi kuwa hasi, pigo linalofuata linachelewa. Alfa ikishaivunja GTP kuwa GDP, vipande vinarudiana na chaneli inafunga. (Alfa nayo inapunguza cAMP, ila hiyo ni kazi ya taratibu.)

Kama bado giza, fikirieni mkulima wa zabibu aliyepuliza dawa ya organofosfeti bila kujikinga. Mate yanamtoka, mboni zimekuwa ncha ya sindano, mapigo yanaweza kushuka sana. Kimeng'enya cha kuvunja asetilikolini kimezuiwa, kwa hiyo M2 haipumui. Anachomwa atropini, inakalia kipokezi, moyo unaamka. Lakini misuli inaendelea kutetemeka! Kwa nini? Kwenye misuli ya mifupa asetilikolini inatumia kipokezi cha nikotini, na hicho chenyewe ndicho chaneli. Protini G haihusiki, na atropini haikigusi.

Ndilo swali nililokutana nalo kwenye sapu.