Munich mpaka Venice, treni au gari? Mi nimeenda kwa vyote viwili

Kila ikikaribia likizo lazima kuna ndugu au jamaa atanipigia, oya unakaa Munich si ndio, tunataka kushuka Venice, tukodi gari au tupande treni? Nimeshalijibu hili swali mpaka nimechoka kwa hiyo leo naliandika lote hapa, mtu akipiga namtumia link nakaa zangu kimya.

Hii safari nimeifanya mara mbili. Ya kwanza kwa gari ya kukodi, mimi na wife na shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Dar. Ya pili kwa treni, mimi na wife na binti yetu. Jibu la haraka ni hili, kama unakoenda ni Venice tu basi panda treni, maana Venice haina barabara. Sisemi ina foleni, nasema haina barabara kabisa, ni mifereji na vichochoro, gari yako inaishia Piazzale Roma au Tronchetto pale mlangoni mwa mji na kuanzia hapo kazi yake ni kulala na wewe kuilipia, yuro 30 hivi kwa siku si ajabu. Yetu ililala siku tatu. Yaani ukiipiga kwa shilingi, gari ililala pazuri kuliko mgeni wa guest ya Sinza.

Lakini wakati ule nani angemwambia shemeji? "Shem, treni ya nini bana, tukodi gari tujiachie." Haya. Tumefika ofisi ya kukodi, dada anaomba leseni, shemeji anatoa ya Tanzania, anaulizwa ya kimataifa iko wapi, hana. Kwa hiyo kilomita zote 540 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi nimeendesha mimi peke yangu na yeye kakaa pembeni anachagua miziki. Kama unatoka nyumbani na unataka kuendesha huku, hiyo leseni ya kimataifa ishughulikie kabla hujapanda ndege. Na mwambie mwenye gari kwamba unavuka mpaka, wengine hawaruhusu, wengine wanaruhusu kwa hela ya ziada.

Sasa barabara yenyewe. Upande wa Ujerumani hulipi kitu. Ukiingia Austria unatakiwa uwe na stika ya barabara kuu, wenyewe wanaiita Vignette, inauzwa sheli zote za karibu na mpaka na hata mtandaoni, nikanunua ya siku 10 nikabandika kwenye kioo nikajua nimemaliza. Kumbe bado! Kupita Innsbruck unaanza kupanda mlima Brenner na ule mlima una malipo yake peke yake, yuro 12 hivi, stika yako haihusiki hapo. Na njiani spidi inashuka mpaka 100 sehemu nyingi kwa ajili ya hewa chafu, mi nilikua najiuliza mbona barabara nyeupe na watu wote wanatembea kama wanaenda msibani.

Mlima wenyewe usiogope, sio Kitonga. Kileleni ni kama mita 1,370 kutoka usawa wa bahari lakini barabara ni pana na inapanda taratibu, kona kali hamna, na kuna daraja moja linaitwa Europabrücke liko juu ya bonde mita 190, wife alifumba macho mpaka tukamaliza kuvuka. Shida ni malori. Malori, malori, malori, mizigo mingi sana ya kati ya Ujerumani na Italia inapita pale, na kuanzia 2025 kuna daraja moja la zamani karibu na mpaka linajengwa upya kwa hiyo siku nyingi gari zinapita mstari mmoja mmoja kila upande. Jumamosi ya mwezi wa saba au wa nane ukipita pale na gari usije kunilaumu, utakaa kwenye foleni.

Italia mfumo mwingine. Unakutana na mageti, unachukua tiketi, unalipa pale utakapotokea. Tulivyofika geti la kulipia kuna njia za watu wa cash, kuna za kadi, na kuna za njano hazina hata gari moja. Shemeji anapiga kelele, "shem ile ya njano iko tupu, kata kushoto, kata!" Nikakata. Bahati wife alikua macho, akaona maandishi Telepass, ile njia ni ya wenye kifaa maalum kwenye gari, nikarudi mstarini kwa aibu huku nyuma yangu honi zinalia.

Kitu ambacho gari ilitupa na treni isingetupa ni ziwa Garda. Tulitoka barabara kuu tukashuka mpaka ziwani, tukala samaki tumetoa viatu miguu iko majini, shemeji akapiga picha kama mia mbili, tukaondoka tulivyotaka wenyewe. Kwa hiyo kama mpango wako ni kulala njiani, kuzunguka milimani, kuingia vijiji vidogo, basi kodi gari bila kujiuliza.

Ila uchungu ulikuja baadaye. Tulichepuka kula kwenye mji mmoja wa Italia, sitautaja, nikafuata simu inavyonielekeza mpaka katikati ya mji wa zamani. Miezi kadhaa imepita, nimeshasahau, naona hela imekatwa kwenye kadi, kumbe niliingia ZTL. Hiyo ni sehemu ambayo gari za wageni haziruhusiwi, kuna kibao cheupe chenye duara jekundu na kamera juu, hakuna askari wala kizuizi, unapita tu unapigwa picha. Mwenye gari akanikata hela ya kutoa jina langu tu, halafu faini yenyewe ikafata kwa barua. Italia paki nje ya mji wa zamani uingie kwa miguu, basi.

Treni sasa. Ya mchana inachukua kama masaa 7, inapita njia ile ile ya Innsbruck na Brenner halafu Bolzano, Trento, Verona. Za moja kwa moja mpaka Venice ni chache kwa siku, nyingine unabadilisha Verona. Tiketi kata mapema, sisi tulikata miezi miwili kabla tukapata 39.90 kwa mtu mzima, wiki ya safari nikachungulia nikakuta ile ile imepanda zaidi ya mara mbili. Angalia bei kwenye tovuti ya reli ya Ujerumani na ya Austria zote mbili, maana wanauza treni ile ile na bei wakati mwingine zinatofautiana. Na lipia siti, tiketi peke yake sio siti, tuliona familia nzima imekaa juu ya mabegi karibu na choo.

Mtu aliyezoea SGR atashangaa, hakuna kukaguliwa begi wala kuwahi lisaa limoja kabla, unatembea tu mpaka kwenye treni. Pale Brenner inasimama kidogo, mpaka uko hapo na hata umeme wa reli unabadilika, Austria volti 15,000 na Italia volti 3,000. Binti yangu akasoma kibao cha stesheni, kimeandikwa Brennero na Brenner. Tumeingia Italia na bado watu wanaongea Kijerumani, akaniuliza baba tumepotea? Ikabidi nimwambie kule kulikua Austria mpaka baada ya vita ya kwanza ya dunia ndo kukaenda Italia, akanijibu "aah" akarudi kwenye katuni zake.

Ukikaribia, usishuke Mestre kwa haraka, huo ni mji wa bara. (Kulala Mestre ni sawa, hoteli ni nafuu na treni ya kuvuka ni dakika kama 10.) Subiri mpaka Santa Lucia, ndo stesheni ya Venice yenyewe, treni inapita juu ya daraja refu maji kulia maji kushoto, unatoka stesheni unashuka ngazi na mfereji mkubwa uko mbele yako na boti zinapita. Begi chukua dogo, kila mtaa una kadaraja na kila kadaraja kana ngazi.

Pasi tembea nayo mwenyewe, sio picha kwenye simu. Ni Schengen ndio, zile nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikagui pasi mpakani, lakini wakati wa kurudi polisi wanapanda upande wa Ujerumani, na kwenye behewa letu walituomba sisi na kijana mmoja mwingine mweusi, wengine wakaendelea kusoma. Tukatoa, wakaangalia, wakaondoka.

Na treni ikichelewa lisaa limoja na kuendelea una haki ya kurudishiwa robo ya nauli, ikifika masaa mawili unarudishiwa nusu ya nauli, ni sheria ya Umoja wa Ulaya. Yetu ya kurudi ilichelewa dakika 70, nikajaza fomu, hela ikaja.

Hiyo siku ya kurudi ndo wife alitaka kulia stesheni. Anaangalia ubao juu, anatafuta Munich, hamna. Saa yetu ipo, namba ya treni ipo, lakini wameandika Monaco. "Baba Neema hii inaenda Monaco, kule kwa matajiri!" Kumbe Waitaliano Munich wanaiita Monaco di Baviera. Tukapanda hiyo hiyo.