Hisabati nimepata F. Naweza kuwa mfamasia?

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha nne mwaka jana. Matokeo yangu: Baiolojia B, Kemia C, Kiswahili C, Fizikia D, Kiingereza D, Hisabati F. Natamani sana kuwa mfamasia. Baba yangu mdogo ana duka la dawa muhimu, anasema niachane na vyuo nikae naye dukani, uzoefu wa miaka miwili utanitosha. Mwalimu wangu anashauri niende kidato cha tano nikasome CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Wenzangu wanakimbilia diploma. Nifuate lipi?
Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuniandikia matokeo yote bila kuficha ile F, kwa sababu jibu langu limekaa hapo hapo kwenye F.

Nianze na baba yako mdogo. Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003 ili watu walio mbali na famasi wapate dawa karibu, na yamefanya kazi kubwa. Likizo nenda kamsaidie, utajifunza majina ya dawa na lugha ya wagonjwa. Ila ukikaa pale miaka miwili au ishirini, hutakuwa mfamasia. Mfamasia ni yule aliyesajiliwa na Baraza la Famasi, na Baraza linataka shahada pamoja na mwaka wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi baada ya chuo. Uzoefu wa dukani haumo humo.

Ushauri wa CBG nimeusoma mara mbili, na unanitia wasiwasi. Mwalimu wako anakutakia mema, ameona Fizikia yako ni D. Lakini shahada ya famasi inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani PCB, na Kemia ndiyo inayobanwa zaidi. Ukisoma CBG, Fizikia umeiacha, na mlango huo umeufunga kwa mkono wako mwenyewe. Nimeshaongea na vijana waliogundua jambo hili siku ya kuomba chuo, wakati miaka miwili imeshapita.

Kwa matokeo yako, mimi ningekwenda diploma ya sayansi ya dawa. Ndiyo njia niliyopita mimi hadi kuwa mfamasia. Wanataka ufaulu wa angalau D kwenye masomo manne yasiyo ya dini, Kemia na Baiolojia zikiwemo. Unazo. Ni miaka mitatu, na ukimaliza unakuwa fundi dawa sanifu, siku hizi wengi wanaita mteknolojia wa dawa, unaweza kuajiriwa huku unajipanga. Kabla hujalipa ada hata shilingi, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Bango la barabarani lisikutoshe.

Baadaye, ukiwa na diploma yenye wastani wa B, unaomba shahada. Na hapa ile F inarudi, maana hawaangalii diploma peke yake. Wanafungua tena cheti chako cha kidato cha nne kutafuta angalau D kwenye Kemia, Baiolojia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati. Nilisoma na kaka mmoja hodari kuliko sisi sote pale chuoni. Alikwama hapo hapo, akarudi kukaa chumba cha mtihani na watoto wa kidato cha nne akiwa na mke na watoto wawili. Alifaulu, lakini wewe usingoje kufika huko. Rudia Hisabati sasa kama mtahiniwa wa kujitegemea, wakati vitabu bado viko mezani.

Wala usidhani wanaidai Hisabati kwa ajili ya kutuchuja tu. Kazi yetu ni hesabu kutwa. Mtoto ana kilo 8, anahitaji paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo. Hizo ni miligramu 120. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, basi ni mililita 5. Rahisi. Sasa aje wa kilo 11, na nyuma yake kuna foleni ya watu thelathini.

Nikiwa mwanafunzi wa diploma kwenye mazoezi, katika hospitali moja ya wilaya, nilimhudumia mama mwenye mtoto wa nimonia. Dawa ilikuwa amoxicillin ya unga ya chupa. Nikaitikisa unga uachane, nikatia maji yaliyochemshwa yakapoa, nikatikisa tena, nikajaza hadi kwenye alama. Hesabu nilikuwa nimeipiga sawasawa. Nikamwambia, “Mama, kijiko kimoja mara tatu kwa siku.” Siku ya tatu asubuhi akarudi na chupa tupu, akiomba nyingine. Nyumbani kwake kijiko ni kile cha kulia wali, mililita 15, mimi nilimaanisha cha chai, mililita 5. Mtoto alikuwa salama, namshukuru Mungu mpaka leo. Tangu siku ile simwachii mama aondoke dirishani kabla hajanionyesha kwa kidole dawa itafika wapi kwenye kifuniko cha kupimia.

Shahada yenyewe ni miaka minne. Ipo Muhimbili, ipo Bugando kule Mwanza, ipo St. John's Dodoma, na kwingine. Utakutana na famakolojia, yaani jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini, kemia ya dawa, utengenezaji wa dawa, na dawa zitokanazo na mimea, somo nililolipenda kuliko yote. Kisha mwaka mmoja wa utarajali chini ya wafamasia wazoefu, ndipo Baraza likusajili. Piga hesabu: tatu, nne na moja, miaka minane. Aliyepita PCB anatumia saba tangu kidato cha nne. Umezidiwa mwaka mmoja tu, na ukifika darasani utakuwa umeshashika dawa kwa mikono yako.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Ulizia kituo cha karibu kabla gharama ya kuchelewa haijaongezeka. Na yule mtoto wa kilo 11, chupa ile ile ya paracetamol, ni mililita ngapi? Niandikie jibu, nitalisubiri.