Muulize Seremala: Nianze na Mashine au Zana za Mkono?

*Shikamoo fundi. Mimi ni mhasibu, na tangu zamani natamani kutengeneza vitu vya mbao kwa mikono yangu. Nimeweka akiba ninunue msumeno wa umeme wa mezani na randa ya umeme. Mwenzangu ofisini anasisitiza nianze na zana za mkono. Nani yuko sahihi? Na nitengeneze nini kwanza? Nina hamu ya kiti.*

Marahaba mwanangu. Sikiliza mwenzako. Mashine sizichukii, karakanani kwangu zimo na zinanipa riziki. Lakini mashine haijui kama umepima vizuri au vibaya. Itakukatia kosa lako upesi, na kidole pia itakikata upesi vilevile. Akiba yako iache ipumzike kwanza.

Nunua msumeno wa mkono wenye meno madogo, patasi mbili (milimita 12 na 25), randa moja, skwea (kile kipimo cha pembe mraba), futi, nyundo, na jiwe la kunolea. Skwea ikague kabla hujalipa. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, piga mstari, kisha ipindue itazame upande wa pili na upige mstari mwingine palepale. Mistari ikilaliana, lipa. Ikiachana, irudishe, hata muuzaji akinuna. Skwea iliyopinda itakufanya ujione huna kipaji.

Jiwe la kunolea nimelitaja mwisho, lakini ndilo litakalokufanya seremala. Patasi mpya haijawa tayari kwa kazi. Kiwandani husagwa tu, kunoa wanakuachia wewe. Anza na mgongo, yaani ule upande bapa. Ulaze juu ya jiwe, usugue mpaka sehemu ya mwisho karibu na makali ing'ae yote. Kisha geuza upande wa mteremko, uushike kwenye nyuzi 25 hadi 30, usugue bila kuyumbisha mkono. Kila baada ya muda papasa mgongo kwa kidole, ukielekea nje ya makali, usiyafuate kwa urefu wake. Utasikia kijinywele cha chuma kimejikunja. Kikisikika sehemu moja tu ya makali, endelea. Kinatakiwa kisikike kutoka pembe hadi pembe. Hapo laza mgongo bapa juu ya jiwe, upitishe taratibu mpaka kitoke.

Jaribu patasi hiyo kwenye kichwa cha ubao laini, pale nyuzi za mbao zinapoishia. Yenye makali hutoa ganda jembamba na kuacha uso laini unaometa. Butu huziponda nyuzi, pakabaki pamechafuka kama mkate uliokatwa kwa kijiko. Na usidhani butu ni salama zaidi: unaisukuma kwa nguvu zote, inachomoka ghafla, na mkono wa pili uko mbele yake. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, siku zote.

Kuhusu kukata, msumeno una unene wake, nao unakula mbao. Kata upande wa kutupa, mstari wako ubaki ukionekana.

Kiti hapana, bado. Miguu imekaa mshazari, mgongo nao vilevile, pembe chache ndizo mraba, na anayekikalia anakiachia uzito wake wote. Anza na kishikizo cha kukatia: kipande cha ubao bapa, kijiti kimoja umekigundisha juu mwisho mmoja, kingine chini mwisho wa pili. Cha chini kinashika ukingo wa meza, cha juu kinaizuia mbao unayoikata isikimbie. Utakitumia kila siku. Kisha tengeneza sanduku lisilo na kifuniko, ulipime kutoka pembe hadi pembe, huku na huku. Vipimo vikilingana, liko mraba. Visipolingana, libane kwenye pembe zile zilizo mbali zaidi kabla gundi haijakauka.

Ukishayaweza hayo, niandikie tena tuongee habari za tundu na ulimi, yaani kiungo ambacho ncha ya mbao moja huingia kwenye tundu la nyingine. Dokezo tu: ulimi uwe theluthi ya unene wa mbao, na toboa tundu kwanza. Kuupunguza ulimi ni rahisi kuliko kulirekebisha tundu.

*Fundi, niligundisha mbao tatu nikapata uso wa meza, nikaufunga kwa skrubu kwenye kiunzi, ukakazika sawasawa. Miezi michache baadaye umepasuka. Gundi ilikuwa feki?*

Gundi usiisingizie. Tazama ufa wenyewe: kama umepita ndani ya mbao badala ya kwenye kiungo, gundi imeshinda. Mbao hata ikikauka huendelea kuvuta unyevu wa hewa na kuuachia. Inatanuka na kunywea kwa upana. Kwa urefu hata hutaona. Wewe umeibana kwa upana isisogee, nayo ilipotaka kunywea ikapasuka.

Fungua skrubu zote. Kwenye kiunzi, refusha matundu yawe kama yai, yakielekea upande wa upana wa meza. Ya katikati yaache duara ili uso usihame. Rudisha skrubu, kila moja na washa yake (kile kibati duara kinachokaa chini ya kichwa chake), zikaze kiasi tu. Ufa ukijifunga wenyewe baada ya siku chache, tia gundi, bana kwa klampu, uache usiku kucha.