Kutoa pointi na kuweka CDI kwenye CG125 ya zamani

Kaka wa Mikindani uliyeuliza kama unaweza kutoa pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche) na kuweka CDI (mfumo wa elektroniki wa kuwasha plagi), pikipiki yako Honda CG125 ya volti 6 inaweza kuachana na pointi, ila usinunue kiboksi cha CDI peke yake. Kinataka sumaku yake (gurudumu lenye sumaku linalozunguka na injini), koili ya kuchaji, pulsa (kihisi kinachoiambia CDI wakati wa kutoa cheche) na koili ya plagi. Tafuta seti nzima, na ulinganishe tundu la sumaku na ncha ya kranki (shafti kuu ya injini) kabla hujalipa. Sumaku ing'olewe kwa pula (kifaa cha kuivutia nje). Fundi akishika nyundo, mzuie! Seti ikiwa ya volti 12, badilisha pia betri, balbu na honi.

Mimi ningezijaribu kwanza pointi zenyewe, maana hewa ya chumvi hapo pwani huzitia kutu. Zisugue, acha mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4. Zikitoa cheche nyingi na kuungua nyeusi, badilisha kondensa (kifaa kidogo kinachopunguza cheche kwenye pointi).