Ajira Mtwara mjini: inategemea umekuja mwezi gani

Mkuu, umeuliza kama ukosefu wa ajira Mtwara mjini unapanda au unashuka, maana unafikiria kuhama Morogoro uje kutafuta maisha huku. Mimi naishi Chuno tangu kabla ya bomba la gesi, nimepita kazi za msimu na za miradi, basi nikujibu kwa niliyoyaona.

Ukifika Novemba utaapa mji huu una kazi. Minada ya korosho imechanganya, maghala yamejaa, malori yamepanga foleni, makuli wanatafutwa kwa simu, mama lishe hawana muda wa kukaa. Nimekuwa karani wa mizani ghalani misimu kadhaa, na hela yake ukiibana inakusogeza mpaka karibu na Pasaka. Njoo sasa Mei. Vijana walewale wako kijiweni wanacheza bao, na bodaboda zimekuwa nyingi kuliko abiria. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia moja ya mwaka mzima, muulize walihesabu lini. Halafu kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi japo saa moja ndani ya wiki anahesabiwa ana ajira. Aliyeshusha magunia Jumanne asubuhi basi, naye yumo!

Kuhusu gesi, usidanganywe na sifa. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ila kelele zilipanda liliposemwa bomba la kwenda Dar. Vurugu za 2013 mlizisikia. Watu walitaka gesi ibaki ili viwanda vije hapa. Bomba likakamilika 2015, na mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote kikazinduliwa. Kipindi cha ujenzi kilikuwa kitamu kweli: welda, walinzi, wapishi, madereva, kila mtu ana pa kwenda, na kodi za nyumba Shangani zikapaa. Lakini bomba likishafukiwa halihitaji tena mchimba mtaro, na mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba unataka mafundi wachache wenye vyeti vyao. Mkandarasi mdogo niliyekuwa kwake aliondoka na mshahara wetu wa mwezi wa mwisho (hilo karibu nimeshalisamehe). Mradi wa gesi ya kimiminika kule Likong'o, Lindi, tumeusikia zaidi ya miaka kumi. Viwanja vinapanda bei kila ukitajwa. Usihame kwa ajili yake.

Kinachoniuma mimi ni korosho kuondoka ghafi kwenda India na Vietnam. Viwanda vya kubangua vilijengwa na serikali zamani, vikabinafsishwa, na vingine vikaishia kuwa maghala. Ubanguaji ni kazi ya mikono mingi, hasa ya kina mama, na korosho ikitunzwa vizuri unaweza kubangua hata Mei hiyohiyo ninayoilalamikia. Sasa hivi wengi wanabangua uani kwa moto wa kuni, wanapima vipakiti wanauza stendi.

Kilichobadilika miaka ya karibuni ni makaa ya mawe ya Ruvuma kupitia bandari yetu. Haya hayasubiri msimu wa korosho. Mafundi tairi, madereva, wauza chakula barabara ya Masasi, hao wanapata kitu hata kiangazi.

Kwa hiyo kama una leseni ya malori makubwa au ni fundi wa injini za dizeli, njoo mwezi wowote. Kama una cheti cha chuo na unatafuta ofisi, wenyeji wenye cheti hichohicho wako wengi na wana ndugu ndani. Kazi za ghala zinataka ufike Septemba, ujulikane kwa wasimamizi kabla makarani hawajachukuliwa. Familia iache Moro kwanza. Na ukiwa na kamtaji, utakutana na watu wa kukushawishi uingie kangomba, yaani kununua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa kabla ya mnada. Kataa, ni kosa kisheria, mzigo ukikamatwa umekwenda na mtaji wote.