Maswali na Majibu: Shetani Hakukupitia

Barua nyingi safari hii zinahusu majaribu, na karibu zote zinamtaja shetani kabla mwandishi hajajitaja mwenyewe. Nimechagua chache.

Je, mtu akijaribiwa amekwisha kutenda dhambi?

Hapana. Yesu alijaribiwa, na Waebrania 4:15 inasema hakufanya dhambi.

Mwanzo 22 inasema Mungu alimjaribu Ibrahimu, ilhali Yakobo 1:13 inasema Mungu hamjaribu mtu. Tuamini lipi?

Yote mawili, na usome Yakobo hadi mstari wa 15 kabla ya kuandika tena. Ibrahimu alipimwa imani yake. Hakushawishiwa atende uovu, na alipokwisha kutwaa kisu alizuiwa kwa sauti kutoka mbinguni. Yakobo anazungumzia mvuto wa kuingia dhambini, na chanzo chake anakiweka mahali tusipopenda kupatazama: "Kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa."

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Shetani alinipitia, nikatumia fedha za wanachama. Nifanye maombi gani ili roho hii initoke?

Ndugu yangu, umeeleza mwenyewe kwamba ulianza kwa kuchukua kidogo, ukinuia kurudisha kabla ya mgao. Kwamba kufuli za sanduku ni tatu, nawe uliwaomba wenzako wawili wakuachie funguo zao kwa sababu walichelewa vikao. Na kwamba kwenye daftari uliandika marejesho ambayo hayakuwapo. Hizo ni hatua tatu, na kila moja ilihitaji mkono wako.

Soma 2 Samweli 11 polepole. Wakati wafalme watokapo kwenda vitani, Daudi alibaki Yerusalemu. Jioni, akiwa juu ya dari ya jumba lake, alimwona mwanamke akioga, na hadi hapo huenda tungemwonea huruma. Lakini alituma watu kuuliza habari zake, akajibiwa waziwazi kwamba ni mke wa Uria, na jibu hilo lingetosha kumrudisha chumbani mwake. Badala yake alituma wajumbe wamlete. Katika sura hiyo yote shetani hatajwi hata mara moja, na nabii Nathani alipomkabili katika sura ya 12, mfalme alisema, "Nimemfanyia Bwana dhambi." Mlinganishe Daudi na wale wa bustani ya Edeni: Adamu alimsukumia lawama mkewe, tena akamkumbusha Mungu kuwa ndiye aliyempa, na mwanamke akamsukumia nyoka.

Simaanishi kwamba shetani hayupo. Waraka wa kwanza wa Petro unamwita simba angurumaye, nami naamini hivyo. Nasema kwamba yeye hushawishi, ila ridhaa ni ya mtu. Ukitolewa roho ambayo haikuingia, utarudi kikundini na tabia ileile, na anayekuombea atakuwa amepokea sadaka itokanayo na fedha hizohizo za wanachama. Zakayo hakuomba atolewe pepo. Aliahidi kurudisha mara nne. Itisha kikao, fungua daftari mbele yao, na mpange namna ya kulipa. Maombi yafuate hapo, nayo ni ya toba.

Je, ni kweli Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba?

Swali hili limenifikia tena na tena, na kila mara bila mstari wenyewe. 1 Wakorintho 10:13 haisemi habari za mizigo ya maisha kama msiba, madeni au ugonjwa. Inasema juu ya jaribu, na kwamba pamoja nalo Mungu atafanya "mlango wa kutokea". Msimwambie mjane aliyefiwa juzi kwamba Mungu alimwona ana nguvu za kutosha. Na mlango huo hauna maana kwa anayebaki ndani akiupenda mtego: Yusufu aliacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa, akakimbia.

Mchungaji wetu ameagiza tufunge siku 40 bila chakula wala maji ili shetani asitukaribie. Mimi natumia dawa za kisukari.

Usifunge hivyo. Mwili wa binadamu hauwezi kukaa majuma bila maji, na kisukari kinazidisha hatari; mweleze daktari wako kabla ya mfungo wowote. Tena msingi wa agizo hilo ni dhaifu, kwa kuwa katika Mathayo 4 mjaribu alimjia Yesu baada ya siku 40 za kufunga, palepale alipoona njaa, na akaanza na mkate, kitu ambacho si kiovu hata kidogo. Katika jaribu la pili alinukuu Zaburi ya 91. Mchungaji anayetaja maandiko ili usimsikilize daktari naye apimwe kwa maandiko yaleyale, kama Yesu alivyomjibu aliyemnukulia Zaburi: "Usimjaribu Bwana Mungu wako."