Kesho ya Fundi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeacha kukanyaga cherehani. Unaniuliza niliwezaje kuhudumia watu miaka 31 hapa Ngamiani, Tanga, bila kuwachoka, na wewe mwaka wa pili tu kwenye bima, simu ya mteja ikiita saa nne usiku moyo unakupasuka.

Kwanza nikutoe kwenye kosa. Niliwachoka. Unaikumbuka ile Idd uliyovaa gauni la njano lenye pini? Mkesha wake nilikuwa na nguo za watu kumi na tisa, wote nimewaambia "njoo kesho". Hodi hazikukoma mpaka usiku wa manane, mmoja akaketi kwenye kitanda chako kusubiri vifungo. Kunakucha, la kwako halijapindwa. Nikalishika pindo kwa pini, nikakwambia usikimbie. Ulishinda umeegemea ukuta, wenzako wanacheza. Picha ipo. Siitazami.

Sisi mafundi tuna sifa mbaya, na tumeitafuta wenyewe. "Njoo kesho" yetu si siku, ni ya kumwondoa mtu mlangoni. Mimi nilidhani ni kumfurahisha mteja, kumbe kila kesho niliyoitoa ilirudi nyumbani kwangu usiku kugonga mlango. Baada ya Idd ile nikanunua daftari, nikaanza kutaja siku ya kweli: "Yako Alhamisi ya wiki ijayo, kabla ya hapo siwezi." Wapo waliobeba vitenge vyao wakaondoka wakisonya. Wengi wao walirudi. Mtu akishajua Alhamisi yako ni Alhamisi, Jumatatu usiku akufuate ya nini?

Na ukiacha kumkwepa mteja ndipo unapata wasaa wa kumtazama. Kazi ilianza kuninogea hapo. Alikuja mama mmoja na picha kwenye simu, gauni la kubana mpaka magotini. Nikamuuliza, "Unaenda nalo wapi?" Kumbe maulidi, kukaa mkekani tangu alasiri! Kiunoni nikabana kama alivyotaka, chini nikaachia, nikamtilia marinda mawili nyuma. Siku ya kujaribu akajitazama kwenye kioo, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena, akaangua kicheko. Hata asante alisahau. Jioni ile nilirudi naimba njia nzima. Ya bima siyajui, ila nadhani na huko yupo anayekuuliza bei huku anachokiogopa ni kingine.

Halafu hili la likizo. Unasema mwaka jana hukwenda, eti wateja watakusahau. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 imekupa siku 28 kila mwaka, mwanangu. Mimi mwenye cherehani yangu hakuna aliyenipa hata moja, nikajipa Ijumaa. Saa nane mchana, komeo. Ukitoka chuoni ulikuwa ukinikuta barazani nasuka ukili wa mkeka. Mikono ni ile ile, lakini pale hakuna aliyepimwa, hakuna anayengoja. Jirani aliutamani ule mkeka mkubwa, akafika bei nzuri kweli, nikamkatalia. Ningemuuzia, ningekuwa na mteja hata barazani. (Baba yako alininunia siku mbili.)

Njoo mwisho wa mwezi. Nimeanza mkeka mwingine na miyaa ya rangi imeniishia, upitie soko la Mgandini uninunulie, nyekundu kwa wingi. Mwambie huyo wa saa nne usiku utamjibu Jumatatu saa mbili asubuhi, na Jumatatu saa mbili umjibu kweli.

Lile gauni la njano lipo sandukuni. Pindo nililishona wiki iliyofuata, wewe umeshakataa kulivaa.

Mama yako